Sindano Ileile, Seoul na Sotgol

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Aliye jikoni apunguze moto. Anayekata kabichi aweke kisu chini kidogo, maana huyu tunayemkumbuka leo, huenda kabichi hiyo mnayoikata ilitoka shambani kwake.

Tunamkumbuka Eom Deok-chil. Mkulima wa kabichi za mlimani. Mwenyekiti wa kijiji cha Sotgol kwa miaka kumi na tisa. Alifariki dunia mwezi wa kumi na moja mwaka jana, akiwa na miaka sitini na saba. Alifia njiani, ndani ya gari la wagonjwa, kati ya hospitali ya wilaya yetu na mji wa Wonju. Moyo ulisimama.

Hiyo ndiyo habari kwa ufupi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye habari kwa ufupi haimtoshi. Ni dada yake mkubwa, Bun-nyeo, mwenye miaka sabini na sita. Tangu siku ile Bun-nyeo ana swali moja. Analigeuza asubuhi, analigeuza jioni, kama mtu anayegeuza kiazi kwenye makaa. Ni nini kilichomuua mdogo wangu? Ni moyo? Ni barabara? Au ni mkono wangu huu?

Tumwanzie mbali kidogo, ili tumfahamu marehemu.

Watu wa Sotgol walimjua Deok-chil kwa sauti kabla ya sura. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, aliingia katika ofisi ya kijiji, akawasha kipaza sauti, akapuliza mara mbili.

"A, a. Ndugu zangu wa Sotgol, hapa ni mwenyekiti. Mbwa wa bibi Pil-rye ameiba tena kiatu cha mtu. Ni cha mguu wa kushoto. Mwenye mguu wa kushoto aje ofisini."

Na kila tangazo alilimaliza kwa maneno yaleyale: "Nimemaliza. Mliolala, amkeni. Mlioamka, msirudi kulala."

Alikuwa na kasoro moja. Alisahau kuzima. Akishamaliza tangazo, kijiji kizima kilimsikia akinywa kahawa kwa kelele. Kilimsikia akigombana na mkewe, Hwa-ran, kwenye simu. Mara moja kilimsikia akiimba, na wale waliosikia wanasema mbwa wa Pil-rye alirudisha kiatu siku ileile.

Hiyo ndiyo sauti ya Deok-chil. Ishikeni, tutaihitaji.

Sasa Bun-nyeo naye. Bun-nyeo alikuwa na sindano. Hata hapa studioni nikimtaja, fundi wetu anatabasamu, maana naye bibi yake alikuwa nayo. Ni nani kati yetu hakuwahi kutobolewa? Umekula kwa haraka, chakula kimekwama, chembe cha moyo kimebana, mikono imepoa. Basi unakwenda kwa mwenye mkono mwepesi. Anakupiga mgongoni. Anakukanda mkono kuanzia begani hadi kwenye kiganja, akiisukuma damu iteremke. Anakifunga kidole gumba kwa uzi. Anaipitisha sindano kwenye moto. Halafu, kip! Chini ya ukucha. Damu inatoka, nyeusi. "Unaona? Ulikuwa umekwama kweli." Unateuka. Unarudi nyumbani.

Bun-nyeo alitoboa vidole vya Sotgol kwa miaka arobaini. Vidole vya watoto waliokuja kuwa wazazi, kisha vidole vya watoto wao. Hakuomba kitu. Kisanduku chake cha sindano kilikuwa kopo la peremende, nacho kilikaa juu ya televisheni.

Kulikuwa na ndugu wa tatu, mdogo wao wa mwisho, Mal-sun. Yeye aliolewa Seoul. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na miaka sitini na moja, Mal-sun alikula tambi baridi mchana, na baada ya hapo chembe cha moyo kikambana. Jasho likamtoka. Binti yake alimpigia simu shangazi mlimani. Samahani, nimekosea: ni mama yake mkubwa. Bun-nyeo mwenyewe ndiye aliyenisahihisha tulipoongea. "Mimi siyo shangazi," aliniambia. "Shangazi ni wa upande wa baba. Mimi ni mama mkubwa, na mama mkubwa ndiye aliyetoa amri."

Amri ilikuwa hii: "Mfunge gumba. Tafuta sindano. Usiogope, siyo kidole chako."

Binti akatoboa huku simu ikiwa sikioni. Damu ikatoka, nyeusi. Mal-sun akasema nimepata nafuu. Akalala kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini. Ikapita saa moja na nusu. Tafadhali ikumbukeni saa hiyo moja na nusu. Kisha akatapika, akawa mweupe, na binti akaita teksi. Kutoka mlangoni kwao hadi hospitali ni dakika nane. Kabla haijatimia saa nyingine, madaktari walikuwa wamepitisha waya kwenye mshipa wa moyo wake, wakauzibua, wakaacha humo kibomba chembamba cha wavu. Siku ya tano alikuwa nyumbani akilalamika kuhusu chakula cha hospitali.

Haukuwa mkwamo wa chakula. Ulikuwa mshipa wa moyo ulioziba. Madaktari walisema hivyo. Karatasi ilisema hivyo. Lakini msimu wa kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, ulipofika, Mal-sun alipanda mlimani kama kila mwaka, akakaa kati ya mabeseni, mikono myekundu kwa pilipili hadi kwenye viwiko, akawaambia wanawake wa Sotgol:

"Daktari alifika baadaye tu. Dada mkubwa ndiye aliyenishikia roho isitoke. Kwa simu, jamani! Kwa simu!"

Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika arobaini, kipaza sauti kikapulizwa. "A, a. Hapa ni mwenyekiti. Seoul nzima na hospitali zake imesalimu amri mbele ya sindano ya dada yangu. Wenye vidole, pangeni foleni."

Watu walicheka. Lakini waliamini. Bun-nyeo naye aliamini. Hata watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto wakaanza kuja. Na aliyeamini kupita wote ni Deok-chil.

Sasa tufike siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi nyumbani kwa Deok-chil. Kabichi mia mbili zilikuwa zimelazwa kwenye maji ya chumvi. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, kipaza sauti kikapulizwa. A, a.

"Hapa ni mwenyekiti. Leo ni kimchi kwangu. Waje wenye mikono, wenye midomo tu wabaki. Nguruwe ameshachemshwa. Dada, kama unanisikia, chakula cha jana kimenikwama hapa kwenye chembe cha moyo tangu alfajiri. Andaa sindano, nakuja. Nimemaliza. Mliolala, amkeni. Mlioamka, msirudi kulala."

Kama kawaida yake, hakuzima.

Wasikilizaji wapendwa, kaya thelathini na nane zilisikia kilichofuata. Zilisikia kiti kikilia. Zilisikia pumzi ya mtu kama amepanda kilima. Na zilisikia Deok-chil akisema peke yake, taratibu: "Aah. Leo hata mkono wa kushoto umekataa kazi."

Bibi Pil-rye, jirani wa Bun-nyeo, anasema alicheka. "Nilisema, huyo anatafuta kisingizio asibebe kabichi. Nilicheka mimi, kwa mdomo wangu huu."

Kaya thelathini na nane zilisikia. Hakuna aliyepiga 119 kuita gari la wagonjwa. Kwa nini wapige? Mtu amekwamwa na chakula, na anakwenda kwa mwenye sindano.

Deok-chil alifika kwa dada yake saa moja kamili. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso ingawa nje kulikuwa na baridi.

"Ulikula nini?" Bun-nyeo aliuliza.

"Nguruwe, kidogo tu. Nilikuwa naonja."

"Kuonja kwako ni nusu ya nguruwe. Leta mkono."

"Polepole, dada. Mimi siyo kabichi."

"Kabichi hailalamiki."

Akampiga mgongoni. Akamkanda mkono wa kushoto, ule uliokataa kazi. Akafunga gumba. Akatoboa. Damu ikatoka, nyeusi kama mchuzi wa soya.

"Ona," Bun-nyeo akasema. "Ona ulivyokuwa umekwama."

"Nimepata nafuu," akasema Deok-chil. Bun-nyeo anaapa kwamba alisema hivyo. Alisema nimepata nafuu. Akanywa kikombe cha maji ya plamu ya moto, akajilaza kwenye sakafu. Bun-nyeo akatoboa na gumba la pili, kwa uhakika zaidi. Muda ukapita. Dakika sabini zilipita. Zikumbukeni na hizi, dakika sabini.

Saa mbili na dakika kumi Hwa-ran alikuja kumtafuta mumewe, aproni ikiwa bado kiunoni. Alisimama mlangoni.

"Wifi, mbona mume wangu ana rangi ya majivu?"

Ndipo simu ikapigwa. Gari la wagonjwa lilitoka chini bondeni, likatumia dakika ishirini na tano kupanda. Likatumia dakika thelathini kumfikisha hospitali ya wilaya. Daktari kijana wa pale alitazama mistari ya kipimo cha moyo na hapohapo akashika simu. Alimpa dawa alizokuwa nazo. Lakini wilaya yetu haina mtu wa kupitisha waya kwenye mshipa wa moyo, wala chumba cha kazi hiyo. Helikopta iliombwa. Ukungu ulikataa. Basi Deok-chil akapakiwa tena, kwenda Wonju, zaidi ya saa moja kupitia mlimani.

Hwa-ran alikuwa pembeni yake. Anasema maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Kabichi zitazidi chumvi. Waambie wazioshe."

Baada ya kutoka kwenye handaki la pili, moyo ulisimama. Walimkandamiza kifua hadi Wonju. Haukurudi.

Kule Sotgol, wanawake walikuwa wameshaziosha kabichi. Waliposikia habari, Pil-rye akasema haziwezi kuachwa hivi, nazo wakazipaka pilipili zote mia mbili, wakilia, bila mtu kuonja. Kimchi ile bado imo mitungini. Hwa-ran anasema ina chumvi nyingi. Bun-nyeo anasema yeye haimpi ladha yoyote, wala hajui kama shida ni kimchi au ni ulimi.

Msiba ulikuwa Wonju, kwenye ukumbi wa maziko wa hospitali, siku tatu. Picha ya Deok-chil yenye utepe mweusi ilikuwa ile ya kitambulisho, na hakuwa akicheka. Watu waliokula supu nyekundu ya msiba mbele yake walisema hafanani. Mal-sun alifika kutoka Seoul jioni, akaanguka mlangoni, akamshika dada yake miguu.

"Ulimtoboa, dada?"

"Nilimtoboa."

"Damu ilikuwa nyeusi?"

"Nyeusi kabisa."

"Basi kwa nini?" Mal-sun akalia. "Mimi ulinitoboa kwa simu nikapona. Yeye ulimtoboa kwa mkono wako! Kwa nini?"

Siku ya pili ya msiba Bun-nyeo alipanda lifti kutoka ukumbi wa maziko hadi juu, akiwa amevaa nguo nyeusi za msiba, akawa anauliza kila mwenye koti jeupe. Hatimaye alielekezwa kwa daktari aliyempokea mdogo wake, mwanamke mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. Mazungumzo yao Bun-nyeo anayakumbuka neno kwa neno.

"Daktari, mimi nilimtoboa kidole. Dakika sabini. Ndizo zilizomuua?"

"Bibi, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa. Mdogo wangu mwingine yuko Seoul. Ugonjwa ni huohuo. Naye alitobolewa. Alikaa saa moja na nusu na sindano yangu. Saa moja na nusu! Huyu alikaa dakika sabini. Kwa hiyo huyu si ndiye aliyewahi?"

"Aliwahi kuondoka nyumbani," akasema daktari. "Hakuwahi kufika."

"Kama ningepiga simu palepale, angepona?"

"Sijui, bibi. Angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

"Na kama angekuwa anaishi Seoul? Na sindano yangu hiyohiyo?"

Daktari alitazama mikono yake. "Labda leo ungekuwa unamgombeza kuhusu nguruwe."

Bun-nyeo akauliza la mwisho. Akauliza damu. Kama ulikuwa moyo, mbona damu ya kidole ilikuwa nyeusi?

"Bibi, kidole chochote ukikifunga uzi, damu yake huwa nyeusi."

Hilo Bun-nyeo hakulikubali. Madaktari, alisema moyoni, wanajua ya kwao. Alirudi Sotgol, wakamzika Deok-chil mlimani juu ya shamba lake, watu wakatawanyika. Asubuhi moja, baada ya kula uji wake vizuri, tumbo likiwa limetulia kabisa, Bun-nyeo alishusha kopo la peremende kutoka juu ya televisheni. Akafunga gumba lake mwenyewe. Akangoja. Akatoboa.

Damu ikatoka, nyeusi.

Akafunga gumba la pili. Nyeusi.

Alikaa pale mpaka saa sita, nyuzi mbili zikiwa vidoleni, amesahau kuzifungua. Miaka arobaini. Vidole vyote vile. Wote walioteuka wakarudi nyumbani, je, waliponywa na nini? Na Mal-sun? Kama sindano haikumwokoa Mal-sun, basi ni nini kilichomwokoa? Dakika nane za teksi? Mtu anaweza kuishi au kufa kwa sababu ya mahali alikoolewa? Wazazi wao waliwazaa watatu katika chumba kimoja, sakafu moja. Mal-sun alikosea, akaishi. Deok-chil alikosea kosa lilelile, kwa muda mfupi zaidi, akafa. Bun-nyeo alisema nami polepole, kama anayehesabu kwa vidole visivyotosha: "Ingekuwa wote wamekufa, ningeelewa. Ingekuwa wote wamepona, ningeelewa."

Kopo la peremende aliliweka ndani ya kabati, chini ya blanketi.

Lakini Sotgol haikujua. Mwezi wa pili, siku mbili baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, bibi Pil-rye aligonga mlango ameshika chembe cha moyo.

"Bun-nyeo, nitoboe. Keki za mchele zimenikaa hapa kama mawe ya mto."

"Ulikula ngapi?"

"Umekuwa polisi? Lete sindano."

Mikono ilikumbuka yenyewe. Kabla hajafikiri, Bun-nyeo alikuwa ameshafunua blanketi, ameshamfunga mwenzake uzi kwenye gumba. Sindano ilikuwa juu ya moto. Kisha akatazama paji la uso la Pil-rye. Lilikuwa na jasho. Au ulikuwa mvuke wa birika? Hakuweza kujua. Akatazama rangi yake. Ya majivu? Pil-rye tangu zamani ni mweupe. Hakuweza kujua.

"Mkono wa kushoto unauma?"

"Yote inauma, nina miaka sabini na tisa! Toboa!"

Bun-nyeo akaweka sindano chini, akachukua simu, akabonyeza moja, moja, tisa.

"We! Unafanya nini? Bun-nyeo! Niliomba sindano, sikuomba king'ora!"

Gari lilikuja, dakika ishirini na tano. Pil-rye alishushwa mlima mzima akitukana, uzi ukiwa bado kwenye gumba. Wakampima hospitali ya wilaya. Moyo ulikuwa mzima. Zilikuwa keki za mchele.

Jioni alirudi kwa basi, na kabla hajafika kwake alisimama mbele ya mlango wa Bun-nyeo ili majirani wote wasikie. "Nimepelekwa kwa taa nyekundu na bluu ili nikaambiwe nina gesi! Vijana watatu, wamenishika kama malkia, halafu gesi!"

Kesho yake kila mtu alilijua jina jipya. Bibi wa sindano amekuwa bibi wa king'ora. Wanaume pale dukani walilicheka siku nzima. Bun-nyeo alifunga mlango. Alipotoboa, alikosea. Alipoacha kutoboa, akakosea tena. Sasa afanye nini? Alipiga simu kituo cha magari ya wagonjwa kuomba radhi. Kijana aliyepokea alimjibu, "Bibi, sisi tukirudi na gesi tunarudi tunaimba. Tuite hata mara kumi."

Alilifikiria jibu hilo siku nne.

Siku ya tano, asubuhi, alikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti mpya alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango. Bun-nyeo alikuwa hajawahi kuzungumza mbele ya watu, hata kwenye harusi yake alisema ndiyo kwa kichwa. Alimwambia mwenyekiti atoke nje amngoje. Akakaa kwenye kile kiti kinacholia. Akawasha.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, Sotgol ikasikia mtu akipuliza. A, a. Hwa-ran anasema moyo wake nao ulisimama, maana upulizaji ulikuwa uleule.

Yaliyofuata tunayo kwa sababu kijana mmoja alirekodi kwa simu. Nitayasoma kama yalivyo.

"Hapa ni dada wa Deok-chil. Mimi siyo mwenyekiti. Nimekuja kusema kwamba sijui. Miaka arobaini nimewaambia mmekwama, na mimi sikuwa najua. Tumbo na moyo vinauma mahali pamoja. Sijui lipi ni lipi. Pil-rye alikuwa na gesi, nami sikujua. Mdogo wangu alikuwa na moyo, nami sikujua. Ndugu yangu wa Seoul alikosea kwa saa moja na nusu na wakamsamehe, kwa sababu hospitali iko kwenye kona. Sisi hatuna kona. Sisi tuna mahandaki mawili na ukungu. Aliye karibu ana nafasi ya kukosea. Aliye mbali hana. Kwa hiyo, ikiwabana hapa na jasho likatoka, msije kwangu. Pigeni simu kwanza. Ikiwa ni gesi, nichekeni mimi. Nichekeni tu. Nimemaliza. Mliolala..."

Hapo sauti ilikatika kidogo.

"Mliolala, amkeni. Mlioamka, msirudi kulala."

Kisha, wasikilizaji wapendwa, akasahau kuzima. Sotgol yote ilisikia kiti kikilia. Ilisikia mtu akipenga kamasi. Na ilisikia kikongwe akiuliza chumba kitupu, kwa sauti ya dada anayemuuliza mdogo wake jambo la nyumbani:

"Deok-chil. Nimesema vizuri? Au nimekosea tena?"

Pil-rye anasema safari hii hakucheka.

Kwa niaba ya wote hapa redioni, tunatoa pole kwa Hwa-ran, mke wa marehemu. Pole kwa Mal-sun, kule Seoul, ambaye hajaweza kupanda mlimani tangu msiba. Pole kwa Bun-nyeo, ambaye aliniuliza tulipomaliza kuongea kama mimi, niliyesoma, naweza kumwambia ni kipi kati ya vile vitatu kilichomuua mdogo wake. Moyo, barabara, au mkono. Nilisoma, lakini sikuweza. Nilimshika mkono huo.

Nanyi mnaosikiliza, leo naomba jambo dogo. Hesabuni dakika kutoka mlango wenu hadi kwa mtu anayeweza kuzibua mshipa wa moyo. Msikadirie. Hesabuni barabara kweli, na ukungu, na handaki. Mkishapata jibu, mwambieni mmoja wa nyumbani, kisha mmuulize na anayeishi mjini jibu lake ni lipi. Mkae na majibu hayo mawili mezani, pamoja na chakula. Mkishindwa kuelewa kwa nini hayafanani, hamko peke yenu. Sotgol pia bado haijaelewa.